Kalamu au Karamu? Mwongozo Kamili wa Kurekebisha R, L na Sauti Nyingine Zinazokusumbua

Msomaji anasimama mbele ya waumini kusoma mfano wa mtu aliyeandaa karamu kubwa akaalika watu wengi. Kinywani mwake karamu inatoka kalamu. Waumini wanaelewa, maana habari yenyewe inajieleza, lakini vijana wa viti vya nyuma wanabinyana, na msomaji akirudi kuketi anahisi kuna kitu kimekwenda kombo ila hajui ni kipi. Ugumu wa jambo hili uko hapo hasa. Wengi wanaochanganya R na L wana uwezo wa kuzitamka zote mbili. Wanachokosa ni sikio la kuzitenganisha, na kumbukumbu ya neno gani lina ipi. Ndiyo maana kumwambia mtu "tamka vizuri" hakumsaidii, na kumcheka kunamharibu zaidi, kwa sababu anaanza kubahatisha.

Mwongozo huu ni wa watu wazima ambao kazi yao inapita mdomoni: walimu, watangazaji, wahubiri, mawakili, wahudumu wa wateja, wanafunzi wanaokwenda kwenye usaili. Lafudhi ya kwenu si ugonjwa na hakuna haja ya kuifuta. Lakini pale ambapo sauti moja inabadilisha maana, msikilizaji wako anastahili kupata neno ulilokusudia. Kazi inaanzia sikioni, inahamia kwenye ulimi, kisha kwenye maneno yenyewe. Ukianza na ulimi, kama wengi wanavyofanya, utachoka mapema.

Kwa nini sauti zinachanganyika

Mtoto mchanga husikia tofauti za sauti nyingi, hata zisizokuwemo katika lugha ya nyumbani kwao. Mwaka 1984 watafiti Janet Werker na Richard Tees, nchini Kanada, walionyesha kwamba watoto wa familia za Kiingereza wenye umri wa miezi 6 hadi 8 walitofautisha sauti za Kihindi ambazo watu wazima wa kwao huzisikia kama sauti moja. Watoto wenye miezi 10 hadi 12 walikuwa wamekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uwezo huo. Kabla hujatimiza mwaka mmoja, sikio lako lilishaamua tofauti zipi ni za maana na zipi za kupuuzwa, na liliamua kwa kufuata lugha ya mama.

Sasa tazama lugha za kwetu. Alfabeti ya Kikuyu haina L kabisa. Kikisii nacho hutumia R. Kinyakyusa kina L, hakina R. Kiganda kinazo zote mbili, ila nafasi za kila moja zimepangwa: R hufuata *i* na *e*, L hukaa kwingine kote, kwa hiyo msemaji wa Kiganda hajawahi kulazimika kuchagua. Herufi *c* ya Kikuyu husomwa karibu sawa na *sh* ya Kiswahili, na hapo chai inakuwa "shai". Dholuo haina *sh*, na shida inakuwa "sida". Lakini *th* na *dh* hazimsumbui sana Mjaluo kwa sababu lugha yake ina sauti za meno. Nazo *th*, *dh* na *gh* ziliingia katika Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu, na watu wengi wa bara huzibadilisha na jirani zake: *s*, *z* na *g*.

Kujua asili ya kosa lako kunakuokolea muda. Mwenye lugha isiyo na L atatafuta L; mwenye lugha isiyo na R atatafuta R; msemaji wa Kiganda ana mazoea ya irabu ya kuvunja.

Hatua ya kwanza: jipime bila kujihurumia

Fungua kinasa sauti cha simu. Kwanza zungumza dakika mbili, bila kusoma popote, ukieleza siku yako ilivyokwenda. Kisha soma aya hii kwa mwendo wako wa kawaida:

*Rehema alilala mapema kwa sababu alfajiri alikuwa na safari ya kwenda Arusha kununua samani zenye thamani. Barabarani kulikuwa na ajali ya lori, na dereva alidhani abiria wote wamedhurika. Mzee Ramadhani alishuka, akashika shoka, akang'oa mlango uliokuwa umekwama. Ng'ombe waliokuwa malishoni ng'ambo ya mto walikurupuka ghafla. Rehema hakujali gharama. Alimpigia simu daktari, akaeleza hali ilivyo na mahali walipo.*

Usisikilize siku hiyo hiyo. Ukijisikiliza papo hapo utasikia ulichokusudia kusema. Kesho yake, mpe rekodi mtu ambaye hajaiona aya, aandike kila neno kama alivyolisikia, bila kukurekebishia. Alichoandika ndicho kipimo chako. Palipoandikwa "arirara" au "alizani" pana kazi. Kisha linganisha na rekodi ya mazungumzo ya kawaida, kwa sababu wengi husoma vizuri na kuharibika wakianza kuongea.

Andika sauti zako mbovu, halafu chagua jozi moja tu ya kuanzia. Anayeshughulikia R na L, *dh* na *z*, *sh* na *s* kwa pamoja huishia kuwa na wasiwasi na kila neno.

Hatua ya pili: fundisha sikio

Shuleni Kenya maneno yanayokaribiana kwa sauti huitwa vitate, na ndiyo chombo chako kikuu hapa. Hizi ni jozi za kuanzia:

R na L: karamu na kalamu; kura na kula; mahari na mahali; hari (joto) na hali; mbari (ukoo) na mbali; fahari na fahali (dume la ng'ombe); sari (vazi) na sali.

DH na Z: dhana na zana, dhuru (umiza) na zuru (tembelea).

TH na S: thamani na samani.

GH na G: ghani (imba shairi) na gani.

SH na S: shuka na suka, shoka na soka, shaka na saka.

CH na SH: choka na shoka.

Tafuta mwenzako anayezitofautisha vizuri. Azibe midomo yake kwa karatasi usimwone, asome moja ya maneno hayo bila mpangilio, nawe uonyeshe kwa kidole neno ulilosikia. Usitamke chochote. Fanyeni mara 20. Ukipata 18 au zaidi kwa siku tatu mfululizo, sikio limeanza kufunguka. Ukipata 10 au 11, unabahatisha, na usione haya: ndivyo ilivyo kwa mtu ambaye tofauti hiyo haikuwahi kumhusu.

Usitumie sauti ya mtu mmoja. Wajapani wanaojifunza Kiingereza wana tatizo hili hili la R na L, na mwaka 1991 John Logan, Scott Lively na David Pisoni wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, waliwafunza kwa kuwasikilizisha maneno yaliyosemwa na watu mbalimbali. Uwezo wao wa kutofautisha ukapanda. Majaribio yaliyofuata yalionyesha kwamba waliozoea sauti ya mtu mmoja walikwama walipomsikia mgeni. Na utafiti uliochapishwa mwaka 1997, ukiongozwa na Ann Bradlow, ulikuta kwamba waliofunzwa kusikiliza tu waliboresha hata matamshi yao, ingawa hakuna aliyewafundisha kutamka. Kwa hiyo waombe watu wanne au watano wakutumie jozi hizo kwa ujumbe wa sauti: mwanamke, mwanamume, mzee, kijana, mtu wa pwani, mtu wa bara. Dakika 10 kila siku zinatosha. Saa nzima siku ya Jumapili haifiki popote.

Hatua ya tatu: weka ulimi mahali pake

Chukua kioo na ukae penye mwanga.

*L.* Ncha ya ulimi inagusa ufizi, nyuma tu ya meno ya juu, na inabaki pale. Hewa hupita pembeni mwa ulimi. Ndiyo maana walimu wa fonetiki huiita kitambaza. Unaweza kuivuta upendavyo: *lllll*. Hakikisha hivi: weka ulimi kwenye nafasi ya L, usitoe sauti, kisha vuta hewa ndani kwa nguvu. Utahisi baridi kwenye kingo za ulimi, upande mmoja au pande zote mbili. Ukihisi baridi katikati, hujaiweka sawa.

*R.* Hapa kingo za ulimi zinabana magego ya juu, na ncha inapiga ufizi mara moja na kuachia upesi. Ni pigo, halikai. Vitabu huiita kimadende kwa sababu ya ule mtetemo, na watu wengi hukata tamaa wakidhani lazima ulimi utetemeke mara nyingi kama wa mtangazaji wa mpira anaposherehekea bao. Katika mazungumzo ya kawaida pigo moja linatosha kabisa.

Kama R haitoki, pitia *d*. Sema *ada, ada, ada* polepole, kisha ongeza kasi huku ukilegeza ulimi kila mara, mpaka *d* ipoteze uzito wake. Ikifika mahali inasikika *ara*, usisimame kushangilia, endelea: *ara, ere, iri, oro, uru*. Kisha maneno mafupi ambayo R iko katikati ya irabu: *sura, bora, mara, kura, hari*. R ya mwanzo wa neno ni ngumu zaidi, hivyo *rafiki, rudi, ruhusa* zisubiri siku chache. Za mwisho kabisa ni zile zenye konsonanti jirani, kama *shukrani* na *mradi*.

Sasa badilisha: *ala-ara-ala-ara*, polepole, ukitazama kioo. Kwenye L ncha inakaa. Kwenye R inakimbia. Maneno yenye zote mbili ndiyo mtihani: *lori, rula, serikali, rasilimali, tarakilishi*. Yagawe silabi kwa silabi kabla ya kuyaunganisha: se-ri-ka-li.

*TH na DH.* Ncha ya ulimi ichungulie kidogo katikati ya meno ya juu na ya chini. Kama kwenye kioo huoni ncha kabisa, unatamka *s* au *z*. Tofauti ya *th* na *dh* iko kooni: weka vidole shingoni, kwenye *dh* utahisi mtetemo, kwenye *th* hautakuwepo. Kwa msemaji wa Kikuyu hili lina uzito wake, maana *th* ya Kikuyu ina mtetemo, na *thamani* inaweza kumtoka "dhamani".

*GH.* Inatoka nyuma, pale pale panapotoka *g*, ila ulimi haufungi njia. Unaisogelea tu na hewa inakwaruza, kama maji yanavyokwaruza kooni unaposukutua. Anza na *aghaa*, kisha *lugha, ghali, ghafla, shughuli*.

*SH na CH.* Anza na *sss* ndefu, kisha rudisha ulimi nyuma kidogo na usogeze midomo mbele: imekuwa *shhh*. Nayo *ch* huanza kwa kufunga hewa, kwa hiyo haivutiki. Kama *ch* yako inaweza kuvutwa kama upepo, hiyo ni *sh*.

*NG'.* Fungua mdomo na uvumishe sauti yote puani huku nyuma ya ulimi imeinuka hadi kaakaa laini. Ukibana pua sauti inakata. Kwenye *ng* ya *ngoma* nyuma ya ulimi inaachia kwa *g* ya wazi. Kwenye *ng'ombe* hakuna *g* hiyo.

Wengine tatizo lao ni mtetemo wenyewe: *bata* anakuwa *pata*, *goti* linakuwa *koti*. Dawa ni ile ile ya vidole shingoni. Na wapo wanaotamka kila sauti sawa lakini wakakosea mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na yanayokwepa kanuni hiyo ni machache: *barabára* ni njia, *barábara* ni sawasawa. Angalia pia *m* inayojitegemea: *mbuni* ndege ina silabi mbili, *m-bu-ni*, mti wa kahawa, ina tatu.

Hatua ya nne: jua neno lipi lina ipi

Hapa ndipo watu wengi huachwa peke yao, na ndipo ninapotaka ukae muda mrefu zaidi. Unaweza kuwa na R safi na L safi na bado ukasema "habali za reo". Kosa la aina hiyo huwapata hasa waliochekwa sana: wamejua kwamba wanakosea, basi wanageuza kila kitu.

Kanuni moja itakupunguzia sehemu kubwa ya mzigo: katika Kiswahili, vipande vya sarufi vyenye moja ya sauti hizi mbili hutumia L. Hakuna kiambishi chenye R. Wakati uliopita ni *-li-*: nilikuja, walisema. Ngeli ya jicho ni *li-*: jicho limevimba, lile, hilo, la. Vionyeshi vya mbali ni *yule, wale, ile, kule, pale*. Kiambishi cha kutendea, kikiwa na moja ya sauti hizi, ni *-lia* na *-lea*: nunulia, pokelea, chukulia. Cha kutendwa kinafuata: nunuliwa, pokelewa. Masharti ni *-ngali-*. Viunganishi vinavyokuja kila mara ni *lakini, bali, wala, ila*, pamoja na *kila*. Ukishika hili leo, "arikuja", "kire" na "rakini" hazina pa kukaa tena.

Ukiona R karibu na mwisho wa kitenzi, kama *subiria* au *furahia*, ujue ni ya mzizi: subiri, furahi. Kwa hiyo R huishi ndani ya mizizi tu, na mizizi hujifunzwa kwa familia. Ukilijua *furahi* umelijua *furaha, furahisha, furahia*. Ukilijua *lima* umelijua *mkulima, kilimo, shamba lililolimwa*. Usihangaike kutafuta kama neno ni la Kiarabu au la Kibantu, maana haitakusaidia: *habari* na *hali* zote zimetoka Kiarabu.

Tenga daftari dogo. Kila siku andika maneno matano ya R au L unayoyatumia kweli kazini kwako, siyo ya kamusi nzima. Mwalimu ataanza na *darasa, ripoti, karatasi, zoezi la marudio*. Muuguzi na *daktari, dharura, maradhi, joto la mwili, homa kali*, akipigia mstari R kwa rangi moja na L kwa rangi nyingine. Ukiwa na shaka, fungua kamusi. Usimuulize mwenzako wa kijiji kimoja. Na uandike meseji zako kwa uangalifu, kwa sababu mkono unaoandika "garama" na "nakura" unaendelea kulifundisha sikio kosa lile lile.

Hatua ya tano: peleka kwenye maneno ya kweli

Neno likishika, liweke katika sentensi fupi uliyoitunga mwenyewe, kisha sentensi mbili, kisha simulizi ya dakika moja. Vitanza ndimi husaidia mradi uviseme polepole. Kasi huja yenyewe. Jaribu: *Rula ya Lulu ililala kwenye lori la Rajabu.* Au: *Halima alirudi mahali palipojadiliwa mahari.* Ukikosea, anza upya kwa nusu ya mwendo.

Kama unakwenda kusoma hadharani, chukua penseli na uzungushie kila neno linalokutisha siku moja kabla. Lisome peke yake mara tatu, kisha sentensi yake, kisha aya. Unapokuwa mbele ya watu, tazama alama na upunguze mwendo kabla ya neno, siyo juu yake. Ukikosea, sema neno sahihi mara moja na uendelee. Kuomba radhi kwa kila kosa huwafanya wasikilizaji waanze kuyasubiri.

Mwombe mtu mmoja unayemwamini akurekebishe, na mkubaliane saa: labda wakati wa chakula cha jioni tu. Mtu anayesahihishwa mchana kutwa ataacha kuongea. Kila baada ya wiki mbili rudia kipimo cha mwandishi asiyeiona aya, ukitumia aya mpya. R na L za mtu aliyezichanganya miaka 30 hutulia kwanza kwenye kusoma, kisha kwenye mazungumzo ya taratibu, na mwisho kabisa kwenye hasira na furaha. Hilo la mwisho likichelewa, usilichukulie kama kushindwa.

Watoto, na lini umwone daktari

R ni miongoni mwa sauti zinazochelewa. Mtoto wa miaka 3 au 4 anayesema "lafiki" au "langi" yuko kwenye njia ya kawaida. Usimlazimishe kurudia. Akisema "Mama, nimechola nyumba", mjibu "Ehe, umechora nyumba nzuri! Umechora na mlango?" Amelisikia neno mara mbili bila kuaibishwa.

Nenda hospitali, kliniki ya masikio, pua na koo, kama mtoto wa miaka 3 haeleweki kabisa na watu wa nje ya nyumba, kama haitiki akiitwa kutoka nyuma, kama masikio hutoa usaha mara kwa mara, au kama kithembe na sauti zilizokosekana zinaendelea baada ya miaka 6. Omba masikio yapimwe kwanza, kwa sababu mtoto hawezi kutamka asichokisikia. Utando ulio chini ya ulimi, ambao wengi huuita udata, mara chache huwa ndio chanzo. Daktari auangalie, wala usikatwe nyumbani kwa wembe. Kukata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, hakurekebishi matamshi, na kumesababisha kutokwa damu na maambukizi kwa watoto wasio na tatizo lolote.

Kwa mtu mzima, ulimi unaokuwa mzito ghafla, maneno yakavurugika au mdomo ukapinda upande, huo unaweza kuwa kiharusi: apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kwa mengine yote, nenda na rekodi mbili za simu, moja ya mazungumzo na moja ya kusoma, pamoja na orodha ya maneno yanayosumbua. Mtaalamu atakayekusikiliza ataanza kazi siku hiyo hiyo badala ya kutumia miadi ya kwanza kukisia.